Kumfundisha mtoto kuhesabu nyumbani kwa vifuniko vya chupa

Mtoto akiimba "moja, mbili, tatu" hadi kumi, wazazi wengi hudhani kazi imekwisha. Mwombe akupe vijiko vitatu, atachota fungu zima. Anajua wimbo, hesabu bado. Nafundisha darasa la awali, na hivi ndivyo ninavyowaelekeza wazazi wenye watoto wa miaka 3 hadi 5.

1. Vifaa

Vifuniko 10 vya chupa za maji na mabakuli 2 ya bati. Maharage siyataki kabisa: watoto huyatia puani, na yakipata unyevu huvimba yakakwama. Kama mwanao bado anatia vitu mdomoni, tumia viazi au vitunguu. Kwa vyovyote vile, keti naye.

2. Kuandaa chakula

Apange sahani, kila mtu moja: hii ya baba, hii ya bibi. Msihesabu kwanza. Siku mgeni akija, ataona mwenyewe kuwa imepungua moja.

3. Kuhesabu kwa kuhamisha

Hapa ndipo penye kazi. Usimwambie anyooshe kidole, maana kidole humkimbia mdomo na kifuniko kimoja kikahesabiwa mara mbili. Achukue kimoja, aseme "moja", akitumbukize kwenye bakuli la pili. Kikishalia "ting" ndipo achukue kingine. Ule mlio ndio unaomtuliza, ndiyo maana nang'ang'ania bati na si plastiki. Anza na vitatu tu.

Akimaliza muulize: "Viko vingapi?" Wengi huanza kuhesabu upya, kwa sababu hawajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo jibu. Usimgombeze. Hesabu wewe, kisha zungusha mkono juu ya vyote: "Moja, mbili, tatu. Vifuniko vitatu." Taja namba, halafu taja na vitu vyenyewe kila mara, azoee kwamba mbili na viwili ni kitu kimoja.

Kisha geuza: "Nipe viwili." Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Mtoto huanza kuweza kimoja, baadaye viwili, baadaye vitatu, na katikati miezi inaweza kupita. Tafadhali usimpandishe kwa sababu mtoto wa jirani amefika ishirini. Niliwahi kuletewa binti aliyeharakishwa hivyo. Ilibidi turudi kwenye viwili, na alipotulia hapo ndipo akasonga. Akishavuka vitatu au vinne, namba zinazofuata huja upesi.

Ukivitawanya vilevile vitatu akasema vimeongezeka, usiogope, ni umri. Vihesabuni tena pamoja.

4. Kuandika tarakimu

Kwa kidole, mchangani au kwenye unga uliotandazwa kwenye sinia. Penseli ingoje hadi vidole vipate nguvu. Dakika 5 kwa siku zinatosha. Akianza kurusha vifuniko, kusanyeni mpaka kesho.