Mshokishoki wa uani: usije ukalea dume

Kila msimu wa shokishoki watu hunijia na kokwa kiganjani: "Shangazi, nikiifukia hii itaota?" Itaota. Swali langu mimi ni jengine: itazaa? Miche ya mbegu, karibu nusu yake huwa madume. Utalilea dume miaka mitano, sita, litoe maua mti mzima, nyuki wajae, na tunda usilione.

Basi uutambue mti kwanza. Asili yake ni misitu ya mvua ya Malesia na Indonesia, na ni ukoo mmoja na laichi. Kikonyo kimoja hubeba vijani jozi mbili hadi nne, na kwenye ncha hakuna kijani cha peke yake. Maua ni madogo, rangi ya kijani mbichi, hayana petali. Litazame ua kwa karibu: likiwa na nyuzi za chavua tu, hilo dume. Ukiona katikati kijitunda chenye vichwa viwili vilivyobanana, mti huo unazaa. Mara nyingi kichwa kimoja ndicho kinachokua. Chengine hudumaa pale penye kikonyo, na ukichunguza shokishoki la sokoni utakiona.

Mimi napanda mbegu ili nipate shina tu, kisha nabebesha, yaani napachika shinani jicho (kile kichipukizi kilicholala tawini) la mti unaozaa. Kokwa isafishe nyama na uipande siku hiyohiyo au kesho yake, ilale ubavu, kwenye mfuko wenye udongo na samadi iliyooza. Ukiikausha kama mbegu ya mchicha, ndani ya wiki imekufa. Wiki mbili tatu utaona chipukizi, kiweke kivulini.

Shina likifika unene wa penseli, tafuta jicho kutoka mti unaoujua kwa utamu, na uwe umeshauonja mwenyewe. Bandua kipande cha gamba shinani, pachika gamba lenye jicho la ukubwa uleule, funga kwa nailoni kuanzia chini kwenda juu ili maji yasiingie. Baada ya wiki tatu fungua. Jicho likiwa bado kijani, kata shina juu yake. Kuna wanaochubua tawi na kulifunga makumbi mabichi mpaka litoe mizizi. Mizizi hutoka kweli, ila ukishalikata na kulihamisha, mara nyingi hunyauka. Sipotezi muda nalo.

Pa kupanda: udongo mzito wa rutuba, wenye uchachu kidogo, usiotuama maji. Kwa Unguja hii ni magharibi na kati. Walioko maweni, mashariki kule, jani huwa njano mishipa ikibaki kijani, kwa sababu ya chokaa. Afadhali wapande kitu chengine. Acha mita nane hadi kumi baina ya miti. Kaskazi ndiyo adui wa mche: hukausha kingo za majani, basi uzungushie migomba, tandaza makumbi shinani, na mwagilia mpaka masika yaingie.

Mti wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu. Usichume mapema, shokishoki halivundikwi, likitoka mtini limetoka. Subiri liive hasa, kata kichala kizima kwa kisu, na upeleke sokoni siku hiyohiyo, kwani nywele zikishakuwa kahawia mnunuzi hagusi, hata kama ndani bado ni tamu.