Pima unene wa vibanzi kwanza
Sisi tunaonoa visu vya mashine za kukata vibanzi vya mbao hapa Eneo la Viwanda, Nairobi, tuwakumbushe wateja wanaouzia viwanda vya rojo la karatasi kwamba unene hupimwa kabla ya urefu. Katika upishi wa alkali, yaani kuchemsha vibanzi kwa dawa ya alkali ili nyuzi za mbao ziachane, kibanzi kinachozidi milimita 8 hivi huweza kubaki kibichi katikati kwa sababu dawa huchelewa kufika kwenye kiini, ilhali unga na vijiti vyembamba hunywa dawa bure, hutoa rojo dhaifu na kuzuia mzunguko wa maji ya kupikia. Visu butu, ambavyo kwa maoni yangu hupuuzwa mno, huzidisha unga huo na kuponda nyuzi. Magogo yakatwe yangali na unyevu, magome yakiwa yameshaondolewa.