Somo: Usinunue ng'ombe wa maziwa kabla hajapimwa kifua kikuu

Wafugaji wenzangu wa Goba, Kibamba na Kigamboni, ng'ombe mwenye kifua kikuu anaweza kunawiri, akakamuliwa na kuzaa, huku anaambukiza wenzake. Kukohoa, kukonda na kuvimba tezi huja baadaye sana. Macho peke yake hayatoshi.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa unavyoingia. Bakteria wake ni Mycobacterium bovis, na njia kuu ni hewa: mmoja akikohoa, wa pembeni anavuta. Mabanda yetu ya mjini yamebanana na hayapitishi upepo, ndiyo maana nasisitiza. Ndama huupata kwenye maziwa ya mama yake.

Hatua ya 2: Mwite daktari wa mifugo afanye kipimo cha ngozi. Simama uangalie. Ananyoa sehemu mbili shingoni, anapima unene wa ngozi na kuandika. Kisha anachoma tuberkulini (dawa ya kupimia, yenye protini za bakteria wa kifua kikuu) 0.1 ml ndani ya ngozi, si chini yake: sehemu moja ile ya kifua kikuu cha ndege, nyingine ya kifua kikuu cha ng'ombe. Ya ndege ni ya kulinganishia, maana kwenye udongo na maji kuna bakteria wa jamii hiyohiyo wanaoweza kuvimbisha ngozi ya ng'ombe mzima. Sindano ikiingia vizuri, ukipapasa unakuta kijivimbe kama punje ya njegere.

Hatua ya 3: Majibu ni baada ya saa 72. Asome mtu yuleyule, kwa kifaa kilekile. Anayetaka kusoma kesho yake kwa kuwa ana haraka, usimkubalie. Uvimbe wa upande wa ng'ombe ukizidi wa ndege kwa zaidi ya milimita 4, ameambukizwa. Ukizidi kwa milimita 1 hadi 4, atengwe na apimwe tena baada ya wiki sita au zaidi.

MASWALI

Dokta, wangu amezaa juzi. Apimwe?
Subiri wiki sita hivi. Mwili uliotoka kuzaa unaweza kuficha majibu.

Mkuu, wangu amekonda, anakohoa, lakini kipimo hakijaonyesha kitu.
Inatokea. Ugonjwa ukizidi, mwili huacha kuitikia. Mtenge leo. Akichinjwa, mkaguzi apasue tezi za kifua. Mara nyingi hukutwa usaha mzito wa njano wenye chengachenga za chokaa. Sampuli ikioteshwa maabara, majibu huchukua wiki kadhaa.

Hakuna dawa jamani? Ndiye anayenisomeshea watoto.
Pole sana, dada. Hatibiwi: matibabu ni ya miezi mingi, na muda wote huo anaweza kuambukiza. Daktari atakuelekeza namna ya kumwondoa. Tafadhali usimpeleke mnada wa Pugu, utamhamishia mwenzako msiba.

Na mtindi, unaweza kutuambukiza sisi watu?
Chemsha maziwa yatokote kwanza, ndipo ugandishe. Uchachu hauwamalizi bakteria hawa. Na ukiugua kifua kikuu wewe mwenyewe, mwambie daktari kuwa unafuga: M. bovis kwa asili haisikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne anazoanzishiwa mgonjwa.