Adui Anapoinua Mikono: Namna ya Kumpokea Mateka

Askari aliyetupa silaha na kuinua mikono halengwi tena. Kifungu cha 41 cha Itifaki ya Kwanza ya Ziada ya 1977, inayokamilisha Mikataba ya Geneva kuhusu sheria za vita, kinamweka kundi moja na aliyezimia au aliyejeruhiwa asiweze kupigana, ilimradi hafanyi uadui wala hajaribu kutoroka. Kwa hiyo amri ya kwanza ya kamanda wa seksheni, yaani kikundi kidogo cha askari, ni "Acha kupiga!", isikike mpaka kwa bunduki ya mwisho pembeni.

Bendera nyeupe huwachanganya wengi. Kwa asili yake ni ombi la mazungumzo, na mmoja kuinua mikono hakumaanishi handaki zima limesalimu amri. Usimfuate aliko. Mwite aje polepole, peke yake, hadi kwenye uwazi ambao bunduki zako zinauona. Mmoja apekue, mwingine alinde akiwa ubavuni. Mlinzi akisimama nyuma ya mpekuzi, na ndivyo wengi wanavyokosea, siku ya kufyatua atakuta mgongo wa mwenzake uko njiani.

Upekuzi uanzie kichwani uishie kwenye buti, kwa kuminya nguo badala ya kupapasa: kola, kwapa, mshipi, kinena, soksi. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Chukua silaha, risasi, ramani, redio na nyaraka za kijeshi. Mwachie kofia ya chuma, barakoa ya gesi, nguo, kitambulisho na alama za cheo. Bado mko chini ya mizinga, na kipande cha kombora hakiulizi sare. Fedha zake hazichukuliwi ila kwa amri ya ofisa, ziandikwe, naye apewe risiti yenye jina, cheo na kikosi cha aliyeitoa. Saa yake ikionekana mkononi mwa askari wako, huo ni wizi, hata akiuita kumbukumbu ya vita.

Pingu za plastiki ziache nafasi ya kidole. Kagua vidole kama vinabadilika rangi, na uwe na kisu cha kuzikatia. Aliyefungwa mikono nyuma asilazwe kifudifudi: kifua hubanwa akakosa pumzi. Majeruhi watibiwe kwa uzito wa jeraha, wako na wao.

Kisha mwandikie kadi ya mateka: tarehe, saa, mahali, kikosi kilichomkamata na mazingira. Jeshi la Marekani hutumia kadi ya vipande vitatu: kimoja kwa mateka, kimoja kwa kikosi, kimoja kwenye mzigo wake. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unamtaka ataje jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba ya jeshi tu. Kumpiga ili aongeze ni kosa la jinai. Simu za askari zibaki mfukoni, maana mkataba huohuo unakataza kumfanya mateka kitu cha kutazamwa na umma.

Katika vita vya ndani, kama vya mashariki mwa Kongo, mwasi hapati hadhi ya mateka wa kivita. Hata hivyo kifungu cha 3, kilichomo katika Mikataba yote minne ya Geneva, kinakataza kumwua, kumtesa au kumdhalilisha.

Mpeleke nyuma mapema, kwa chakula, maji na usafiri kama wa askari wako. Doria iliyo mbali isiyoweza kumsafirisha haina ruhusa ya "kummaliza": kifungu kilekile cha 41 kinasema aachiwe, kwa kila tahadhari inayowezekana ya usalama wake. Silaha na redio yake unabaki nazo.