SOMO: Jinsi ya kuamsha redio ya zamani ya Tandberg bila kuiunguza

Wakuu salama? Wengi mmeniuliza ile redio ya mbao niliyookota mnadani hapa Oslo nimeifufuaje, haya leo nawapa somo. Ni Tandberg ya mezani, ya stereo na ya valvu (zile taa za kioo za ndani zinazokuza sauti), kampuni ilianza 1933 ikafilisika 1978, kwahiyo yoyote utakayoipata imelala stoo miaka na miaka.

Kwanza kabisa USICHOMEKE kwenye umeme. Najua mkono unawasha. Mimi ya kwanza nilichomeka, ikaimba dakika mbili, ikatoa moshi unanuka lami, wife akatutoa nje mimi na redio yangu.

1. Fungua ubao wa nyuma, toa vumbi kwa brashi laini, cheki fyuzi, na kile kiswichi cha volti kisiwe kwenye 110.

2. Kapasita za karatasi (vile vidude vya kutunza chaji) ndio mchawi mwenyewe, zikizeeka zinavujisha umeme, valvu ya sauti inachemka mpaka inaondoka na transfoma. Badili zote usihangaike kupima mojamoja. Ila umeme wa humo ndani unapita volti 200 na kapasita kubwa zinautunza hata ukichomoa plagi, zimalize chaji kwanza kwa rizista (kidude cha kupunguza umeme), sio kwa bisibisi.

3. Hapa ndio patamu. Tafuta glopu ya kizamani ya wati 100 (LED hapana), kata waya mmoja wa umeme uupitishe kwenye glopu ndio uende redioni. Unganisha spika zote mbili, valvu hazitaki kuwashwa bila spika, halafu washa. Glopu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, hapo safi. Ikibaki kali kama ya sebuleni zima fasta, kuna shoti.

4. Sauti ikikwaruza ukizungusha volyumu, pulizia sprei ya kusafishia swichi, zungusha mara 20 hivi.

Swali: Mkuu yangu inanguruma tu, FM kimya, mbovu?
Jibu: Kama uko Norway sio mbovu. Walizima FM ya taifa 2017 wakahamia DAB (redio ya kidijitali), zimebaki redio ndogondogo za mitaa. Piga mziki wa simu kupitia tundu la tepu.

Swali: Lile lenye matundu matano? Naungaje?
Jibu: Ndio hilo. Namba 2 ni ground, 3 kushoto, 5 kulia. Ila mjomba namba hazifuatani, ukizunguka zinakuja 1, 4, 2, 5, 3. Mimi hapo jioni nzima ilipotea.

Swali: Nikiituma Dar itapiga?
Jibu: Umeme hauna shida, huku na huko ni 230. Tatizo kioo cha kutafutia stesheni, nyingi za zamani FM inaishia 100 au 104, stesheni za juu ya hapo utazisikilizia kwa jirani.