Mambo ya kuzingatia kabla hujaenda kupiga shabaha za mbali kwa baruti nyeusi

Ukitaka kupiga shabaha ya yadi 1,000 kwa baruti nyeusi, jua mapema kwamba kazi kubwa inafanyika mezani nyumbani siku kadhaa kabla. Wengi wanaoanza wanaumiza kichwa na bunduki, wachukue Sharps au Remington Rolling Block (aina mbili za bunduki za zamani), ya kujazia mdomoni mwa mtutu au ya kufungulia nyuma, wakati kinachowaangusha hasa ni masizi na upepo, na vyote viwili vina maandalizi yake.

Elewa kwanza unapambana na nini. Risasi ya kaliba .45 yenye uzito wa greni 500 hadi 550, yani gramu kama 32 hadi 36, inatoka mtutuni na mwendo wa mita kama 370 hadi 410 kwa sekunde. Sauti yenyewe inakwenda kama mita 340, kwahiyo risasi yako inashuka chini ya mwendo wa sauti mapema sana, ikiwa bado ina safari ndefu, na kufika yadi 1,000 (mita 914) inatumia zaidi ya sekunde 3. Sekunde 3 ni nyingi jamani! Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 tu kwa saa unaihamisha zaidi ya mita 3, na risasi mbili zikitofautiana mwendo kidogo tu mdomoni basi kule mwisho moja iko juu moja iko chini, hata kama mkono wako haukutikisika.

Ndo maana baruti unapima nyumbani. Nunua ya kutosha ya toleo moja, maana kopo la toleo lingine linaweza kuwa na nguvu tofauti hata kama jina ni lile lile. Pima kila kipimo kwa mizani, na kama unatumia maganda mimina taratibu kupitia mrija mrefu ili punje zikae sawasawa, weka kadi (kipande cha mviringo cha karatasi ngumu) juu yake, kisha kandamiza kwa kiasi kile kile kila ganda. Risasi nazo kama unamimina mwenyewe kwenye kalibu, mchanganyiko wa madini ya risasi na bati (sehemu 1 ya bati kwa 20 au kwa 16 unatumika sana) uwe mmoja, halafu zipime zote moja moja na yenye uzito uliopungua irudi sufuriani, maana ndani ina uwazi hata kama kwa nje inang'aa. Fanya sehemu yenye hewa ya kutosha, nawa mikono kabla ya kula, na tone la maji lisiingie kabisa kwenye madini yaliyoyeyuka, litayarusha madini ya moto usoni.

Kwenye usalama hakuna mjadala. Baruti ya kisasa isiyo na moshi isiingie kwenye bunduki ya baruti nyeusi hata kidogo, na isiwe hata kwenye meza moja. Kwa ya kujazia mdomoni usimimine kutoka kwenye chupa kubwa moja kwa moja, cheche iliyobaki mtutuni itawasha chupa nzima mkononi, kwahiyo nenda na vichupa vidogo, kila kimoja kipimo kimoja. Weka alama kwenye ufito wa kushindilia inayoonyesha risasi imekaa hasa juu ya baruti, maana ukiacha nafasi katikati mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Fataki (kile kidude cha kuwashia baruti) ikilia bunduki isiwake, mdomo ubaki unaelekea shabaha, subiri dakika nzima au zaidi kama kanuni za uwanja zinavyotaka, ndo uguse. Miwani na vizuia sauti vya masikio havihitaji maelezo. Hakikisha pia kibali chako na namna unavyosafirisha baruti viko sawa na sheria ya ulipo.

Sasa masizi, hapa nataka tukae kidogo. Baruti nyeusi ni shura, mkaa na salfa, kwa uzito kama 75, 15 na 10 kwa mia, na ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, inabaki vitu vigumu, vingine vinatoka na ule moshi mweupe na vingine vinagandia ukutani mwa mtutu. Siku yenye unyevu masizi yanakaa laini na unaweza kupiga mfululizo bila shida kubwa. Siku kavu ya jua kali mtutu ukishapata moto yanakauka yanakuwa ganda, ukipitisha ufito unausikia unakwaruza halafu unakwama sehemu moja, mara nyingi sentimita chache kabla ya mdomo ambako mafuta ya risasi yameishia, na risasi laini ikipita hapo inachubuka, inaacha madini yake kwenye mifereji ya ndani ya mtutu, na zinazofuata zinatawanyika bila sababu unayoiona.

Dawa ziko mbili. Kwa bunduki ya kufungulia nyuma unaweza kupuliza, yani unaingiza mrija kwenye chemba (pale ganda linapokaa) iliyo wazi na kupuliza pumzi ndefu chache kila baada ya mlio ili unyevu ulainishe masizi, na hii inafanywa kwa nyuma tu, mdomo wa mtutu haukaribii uso wa mtu. Au unafuta, unapitisha kitambaa chenye maji yaliyochanganywa na mafuta kidogo yanayokubali maji, kisha kikavu, na unahakikisha chemba imekauka. Mimi nasimamia kufuta, hasa kwa risasi zilizofungwa karatasi, kwasababu mtutu unarudi hali ile ile iwe mvua iwe jua, wakati pumzi chache zilizotosha asubuhi, ikifika saa nane mchana hazitoshi tena. Ila kufuta kunakula muda, kwahiyo fanya mazoezi nyumbani na saa mkononi, bunduki ikiwa tupu. Chochote utakachochagua kiwe kimoja na idadi moja, ukibadilisha katikati ya mashindano umebadilisha kila kitu.

Saiti, yani vilengeo vya bunduki: ile ya nyuma yenye kipimo cha vernia (mistari midogo ya kusomea sehemu ndogo sana), andika kabla namba zako za kila umbali. Dakika moja ya pembe (sehemu moja ya 60 ya digrii) kwa yadi 1,000 ni kama sentimita 27, kwahiyo ukikosea kusoma mstari risasi inakwenda mbali na ulikolenga. Saiti ya mbele iwe na pima maji, kwasababu saiti ikiwa imepandishwa juu kiasi hicho bunduki ikilala kidogo tu risasi inakwenda pembeni na wewe utalaumu upepo.

Upepo wenyewe unausoma kwa bendera na kwa mazigazi kwenye darubini. Irudishe fokasi ya darubini kidogo, ionyeshe vizuri katikati ya njia badala ya shabaha, utaona hewa inatiririka kama maji ya mfereji kuelekea upepo unakokwenda, na ikianza kuchemka wima basi upepo umelala au unakuja ama kwenda sambamba na njia ya risasi, hapo usiharakishe maana mara nyingi uko karibu kugeuka. Tafuta mwenzako wa kukusomea na mkubaliane maneno mapema, "kushoto moja" iwe na maana moja kwa wote wawili.

Kabla ya kila mlio thibitisha namba ya shabaha yako. Kwenye uwanja wa shabaha wa Creedmoor, New York, mwaka 1874, Wamarekani waliwashinda Waayalandi 934 kwa 931 kwenye yadi 800, 900 na 1,000, na Muayalandi mmoja, Milner, alikuwa amepiga katikati kabisa ya shabaha isiyo yake, akapewa sifuri. Tofauti ilikuwa pointi 3 tu!

Kwenye begi weka daftari na penseli, vitambaa vingi kuliko unavyodhani, pini ya akiba ya kufyatulia, fimbo za kuegemezea mtutu, na maji ya kunywa yasichanganywe na ya kusafishia. Beba pia chupa ya maji ya sabuni yenye mdomo mpana, maganda yaliyotumika yaingie humo hapo hapo, maana masizi yanavuta unyevu na kula shaba. Mtutu nao unausafisha siku hiyo hiyo kwa maji, unakausha, unapaka mafuta, na kesho yake unapitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kutu, rudia yote tangu maji.