Somo: Kuhamisha folda nzito kwenda diski nyingine bila kuvuruga programu (Linux)

Wakuu, diski yangu ni ya GB 120 na folda ya Picha peke yake ilishakula zaidi ya nusu. Nimeipeleka diski ya pili, ila programu zote bado zinaikuta palepale pa zamani. Kazi hiyo inafanywa na simlinki, yaani kiungo: kijifaili kisichobeba chochote ila anwani ya folda halisi.

Fungua teminali, hamisha folda kwanza (alama ~ ni folda yako ya nyumbani, na /mnt/data ndipo ilipo diski yangu ya pili):

mv ~/Picha /mnt/data/

Kisha weka kiungo. Folda halisi inatangulia, jina la kiungo linafuata:

ln -s /mnt/data/Picha ~/Picha

Hakiki kwa ls -l ~/Picha. Mstari utaanza na herufi l, na mwishoni utaona mshale unaoelekea /mnt/data/Picha. Katikati kuna ukubwa: 15. Hesabu herufi za anwani hiyo pamoja na mikwaju yake (alama /), ni 15 kamili. Kiungo ni maandishi hayo tu.

Ukilielewa hilo, hutakwama nilipokwama mimi. Niliingia /mnt/data nikaandika ln -s Picha ~/Picha. Amri ilipita kimya, maana ln haikagui anwani unayoipa. Lakini neno "Picha" husomwa kuanzia kiungo kilipo, siyo ulipokuwa umesimama wewe. Kiungo changu kikawa kinajielekeza chenyewe, kila nikikifungua napata "Too many levels of symbolic links". Tangu hapo naandika anwani nzima, kuanzia mkwaju wa kwanza.

MASWALI

— Mkuu, nikifuta kiungo picha zinaondoka?
Haziondoki. Tumia rm ~/Picha, bila mkwaju mwishoni na bila -r. Tafadhali sana, usiandike rm -r ~/Picha/, unaweza kufuta vilivyomo kwenye folda halisi.

— Nimerudia amri mara mbili, sasa ndani ya Picha kuna Picha nyingine.
ln ilikuta jina hilo tayari ni folda, ikaweka kiungo kipya ndani yake. Kiondoe: rm ~/Picha/Picha. Siku ukitaka kubadilisha kiungo kilichopo, tumia ln -sfn.

— Kwa sisi wa Windows?
Fungua cmd kama administreta, uandike mklink /D. Angalia mpangilio: huko jina la kiungo ndilo linaloanza.

— Flashi yangu inakataa.
Bila shaka mfumo wake wa faili ni FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haihifadhi simlinki. Weka kiungo kwenye diski ya Linux, kielekee kwenye flashi.